Ushahidi wa Mlango

Tangu milango iruhusiwe kutoa ushahidi mahakamani, Mwanakheri aliupangusa wake kila asubuhi kama anayembembeleza mkwe. Wapi! Mumewe Shekue aliposhtakiwa kuvunja pampu ya maji ya mtaa, mlango wao uliulizwa habari za pampu, ukajibu, "Huyu huingia kwake bila hodi."

"Mheshimiwa, hodi na pampu wapi na wapi?" Shekue aliuliza.

"Asiyebisha hodi kwake," hakimu akasema, "atabisha kwa nani?" Akamfunga miaka tisa.

Mwanakheri alirudi peke yake. Mlango ulikuwa wazi, nyumba tupu. Akapiga hodi mara tatu, kama ilivyo ada. Hapakuwa na wa kumwambia karibu, na mgeni asiyeitikiwa haingii. Akaketi barazani. Nyuma yake, mlango ukajifunga taratibu.