Nafasi ya Herufi Moja

"Andika vile nimeandika," mzee aliniambia asubuhi, akinikabidhi karatasi kwa mikono miwili kama anayekabidhi hati ya shamba. Alianza kujifunza kuandika mwaka huu tu, jioni kanisani kule Yamumbi. Alikuwa amekandamiza kalamu hadi herufi zikatokeza nyuma ya karatasi: CONGRATULATION, na chini yake jina la binti yake, Chelagat.

Miaka kumi na miwili nauza keki hapa Eldoret, na najua neno hilo huishia na S. Hata hivyo niliandika juu ya keki vile alivyoandika, nikaacha nafasi ndogo mwishoni.

Saa nane alirudi na Chelagat, binti akiwa bado amevaa joho la mahafali. Alikuwa amehitimu ualimu wa Kiingereza, pale chuoni Chepkoilel.

Nilifungua boksi. Macho ya binti yalipita juu ya maandishi, yakasimama pale mwishoni, kisha yakanitazama. Nikamwonyesha mfuko wa krimu mkononi mwangu. Ilikuwa kazi ya sekunde moja.

"Iko sawa, mwalimu?" mzee aliuliza. Koti lake alikuwa amelifunga vifungo vyote. "Hiyo niliandika mwenyewe."

"Iko sawa kabisa, Baba. Imebaki tu kitu kidogo."

Aliuchukua ule mfuko, akakunja mkono wa joho, akainama. Kwenye nafasi ya S akachora ua la petali tano, akalijaza krimu taratibu, mpaka pakawa hapana tena mahali pa kuongeza herufi.