Ulimi wa Monserval

Mvinyo mwekundu wa shamba la Monserval, kule Ufaransa, haukubadilika ladha kwa miaka mia tatu, kwa kuwa ladha hiyo ilitunzwa kwenye ulimi wa mtu mmoja. Akizeeka, ladha hiyo huhamishiwa ulimi mwingine, na ladha zote alizozaliwa nazo mwenye ulimi huo mpya hufutwa. Zamu hii ilimwangukia Nyemo, binti wa Dodoma aliyekulia kwenye mizabibu.

Aliporudi nyumbani likizo, mama yake alimpikia mlenda. Tangu utotoni Nyemo ndiye aliyekuwa akionja mboga, maana mama hakujiamini kwa chumvi.

“Haya mwanangu, onja. Chumvi je?”

Nyemo akamega tonge, akachovya, akameza. Mdomoni likaja pipa la mwaloni, mawe yenye unyevu, na zabibu nyeusi zilizochumwa kabla bibi yake hajazaliwa. Akangoja huzuni. Haikuja.

“Imekolea, mama.”

Mama alikuwa bado amesimama na kikopo cha chumvi mkononi, hajakifungua tangu aanze kupika. Akakirudisha taratibu rafuni, akaketi, wakala vivyo hivyo.