Somo la Kwa Daktari

"Kifua kinaniuma," ilisema sauti ya mwanamume, kwa Kijerumani, kutoka upande wa pili wa ukuta.

Muuguzi aliyekuwa akijisomea kitandani alishtuka, kitabu kikamponyoka. Sentensi ile aliijua. Ilikuwa ya somo la saba, Kwa Daktari, somo lenyewe lililomwangusha mara mbili kwenye mtihani wa kuzungumza. Na kesho asubuhi alikuwa anaurudia.

Jamani, hofu! Kwa kuandika, Kijerumani chake cha ngazi ya pili hakikuwa na neno. Mbele ya mtahini ulimi uligeuka gogo. Akianguka tena, nafasi aliyowekewa kwenye hospitali ya huko Ujerumani anapewa mwingine, naye anarudi kulala sebuleni kwa shemeji yake, aulizwe kila siku, "Ehe, Mjerumani, safari lini?"

"Siwezi kupumua vizuri," ilisema sauti.

Matamshi yalinyooka kama ya kwenye redio. Wivu ulimchoma. Asubuhi mama mwenye nyumba, akianika mashuka, alikuwa amemwambia, "Chumba cha pili nimepata mtu. Naye Kijerumani mtupu, kama wewe." Alitaka kuendelea, lakini muuguzi alishakimbilia kitabu chake. Nyumba ile ilikuwa ubavuni mwa chuo cha lugha, na wapangaji karibu wote walikuwa wanafunzi. Kumbe na huyu ana mtihani kesho! Tena mtihani wenyewe hufanywa wawili wawili. Je, akipangwa naye? Huyu atatiririka, yeye ataganda, aibu tupu.

Ukuta ukagongwa. Ko, ko.

Muuguzi akacheka kwa woga. Mwalimu wao alikuwa na mtindo huohuo: akitaka ujibu, anagonga meza. Basi jirani amesikia kurasa zikifunuliwa, anatafuta mwenzake wa mazoezi. Akasogea ukutani, akashika nafasi ya daktari.

"Maumivu yalianza lini?" aliuliza kwa Kijerumani.

Sauti ikajibu harakaharaka, kama inayotaka kulia, maneno mengi mno. Aliambulia mawili matatu: leo, mkono wa kushoto, dawa. Loo, huyu ametoka nje ya kitabu! Akatafuta ukurasa.

"Meza kidonge kimoja, mara tatu kwa siku," alisoma. "Pumzika sana."

"Hapana! Njoo. Tafadhali, njoo."

Hilo halikuwa kwenye somo la saba. Ndivyo wanavyofanya watahini, wanakutoa kwenye mstari waone kama utababaika. Akafumba macho.

"Samahani, leo hatuna nafasi," alisema, sentensi nzima, bila kugugumia. "Njoo Alhamisi."

Ko. Ko.

Akairudia, kwa sauti kubwa zaidi.

"Bitte," ilinong'ona sauti. Tafadhali, neno la siku ya kwanza darasani. "Bitte, bitte." Halafu ikanyamaza.

Amesalimu amri, alijisemea muuguzi. Hofu ikampungua kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alijaribu ukuta mwenyewe, ko, ko, hakujibiwa. Basi akajinyoosha kitandani akasinzia.

Jioni mama mwenye nyumba alikuja mlangoni, funguo za akiba mkononi, uso umemshuka.

"Mwanangu, hebu njoo unisaidie. Yule mzee wa chumba cha pili hafungui. Nimegonga mpaka nimechoka."

"Mzee?"

"Baba wa yule fundi mitambo mgeni wa kiwandani. Kaletwa asubuhi. Lugha yetu hajui hata salamu, na moyo wake mbovu. Ndiyo maana nikampa chumba cha ubavuni kwako. Mwanawe alikuwa na wasiwasi kumwacha, nikamwambia nenda tu kazini. Mzee akizidiwa agonge ukuta tu, upande wa pili kuna muuguzi, na Kijerumani anakielewa."