Mdomo wa Sikitu

Fundi wa baiskeli alijua. Mama wa mandazi alijua. Hata motari wa kupita tu, aliyesimamisha pikipiki yake pale kioskini kununua maji, aliondoka akijua kwamba Issaka atatoka Butembo na Fuso yake Ijumaa alfajiri, amebeba saruji.

Rachida, mkewe Issaka, alimshika mtoto wao Sikitu mkono, akamburuta mpaka nyumbani.

"Nilikuambia nini asubui?"

"Nisiambie mutu. Lakini mama, ule motari hakukuwa anajua, akaniuliza jina, nikamuambia, halafu nikamuambia ya papa, na unajua pikipiki yake iko na..."

"Sikitu. Nyamaza."

Sikitu alimeza mate, kisha akaendelea na habari za pikipiki.

Mtoto alikuwa na miaka sita na mdomo wa soko zima. Aliamka akiongea, alikula akiongea, na mama yake akiswali, alikaa nyuma yake akiongea. Rachida alishajaribu pipi za bonbon, fimbo, hata mchezo wa kushindana kukaa kimya. Sikitu alishindwa, halafu akaeleza kwa kirefu kwa nini ameshindwa.

Rachida alikuwa amechoka, na zaidi ya kuchoka aliogopa. Mwaka jana watu wenye bunduki walilichoma gari la Maliro, dereva mwenzake Issaka, pale Kalunguta kwenye barabara hiyo hiyo ya Butembo, mwenyewe akiwa ndani, kwa sababu siku yake ya safari ilijulikana. Tangu hapo madereva hawataji siku, hata kwa wake zao.

Issaka peke yake ndiye aliyekuwa na wazimu wa kumwambia mtoto. Kila alipopiga simu kutoka Butembo, neno lake lilikuwa lile lile: "Nipe Sikitu kwanza."

Basi siku hiyo Rachida alimfungia ndani na dirisha akalifunga. Jioni Issaka akapiga.

"Kule kwa kioski, banajua siku yangu?"

Rachida aliona aibu, akadanganya. "Hapana. Nimemufungia mu nyumba."



"Mufungulie," alisema Issaka. "Atoke, acheze na benzake."

"Issaka, huyu mutoto atakuuwa na mudomo wake."

"Mufungulie, mama Sikitu."

Simu ikakatwa. Rachida alilia kwa hasira. Mwanamume gani huyu, anamdekeza mtoto hata kwa roho yake mwenyewe? Kesho yake alimfungulia, maana baba ameshasema, na kufika adhuhuri hapakuwa na mtu mtaani kwao Bungulu aliyebaki wa kuambiwa.

Jumatano asubuhi alikuwa akichambua maharage, Sikitu pembeni akiyapa kila moja jina na ukoo, ndipo honi ya Fuso ikalia nje. Issaka akashuka, vumbi mpaka kwenye kope, mzima.

Rachida aliinuka, maharage yakamwagika. "Si ulisema Ijumaa?"

Issaka alinawa uso, akaketi, akampakata Sikitu na kumnong'oneza sikioni, ila si kwa sauti ya chini sana.

"Papa atarudia Butembo Jumatatu. Ni siri. Usiambie mutu."

Kisha akamkonyeza Rachida, akampa Sikitu pesa ya bonbon, akamfungulia mlango, akamtuma kioskini.