Kabichi za Mzee Mlekwa

Zamu ya Mzee Mlekwa ilipofika, bibi shamba alimkaribisha kiti, akafungua fomu. Serikali ilikuwa ikiwafidia wakulima waliopata hasara wakati wa maradhi ya kuambukiza, soko lilipofungwa.

"Baba, kabichi zako ngapi zilioza?"

Mzee aliitazama fomu. Mvua ilikuwa karibu na hakuwa na fedha ya mbegu. Angeweza kusema zote.

"Hakuna iliyooza, mwanangu. Zililiwa."

"Uliziuza wapi, na soko lilikuwa limefungwa?"

"Sikuuza. Niliziweka milangoni kwa watu waliofungiwa ndani. Napiga hodi, natoka mbio."

Watu kwenye foleni walicheka. Bibi shamba hakucheka. Fomu ilikuwa na nafasi ya mazao yaliyooza tu.

"Sina pa kukuandika, baba," alisema kwa upole.

Mzee akashukuru, akaanza kuinuka.

"Kaa, Mzee!" alisema mama mmoja kwenye foleni, aliyembeba mtoto mchanga. "Kumbe ni wewe? Sisi tukidhani ni watu wa kanisani! Dada, niandike. Nilikula kabichi sita."

"Kwangu nne," mwanamume nyuma yake akadakia, "na moja ilikuwa na viwavi!"

"Hao nilikuongezea," Mzee akajibu.

Bibi shamba aliigeuza fomu upande wa nyuma, uliokuwa mweupe.

"Nani mwingine alikula?"

Mikono ikaanza kuinuka, mpaka nje ya mlango. Yule mama aliinua wake, kisha taratibu akainua na wa mtoto.