Nyumba Inayosikia Jina

Tangu kinu cha nyuklia kilipuke, maji ya mito na mabwawa yetu hayaguswi, na kila mvua huongeza sumu. Ndiyo maana sheria inataka kila nyumba iwe na sikio ukutani. Likihisi tone, au likisikia mtu ametaja mvua kwa lugha yoyote ya huku pwani, milango na madirisha hujifunga, wala hayafunguki mpaka sikio lijiridhishe kwamba nje ni kukavu.

Sasa niambieni, ni nani mwenye akili zake atamwita mtoto Nyamvula, jina lenye mvua ndani yake?

Mama mkwe wangu! Ni jina la marehemu mamake. Kila akimwita mjukuu aje kula, pu! tumefungiwa. Wali umeniungulia mara ngapi, mimi niko nje naanua nguo, nagonga mlango wangu mwenyewe kama mwizi?

"Mama, nakuomba, mwite mke mwenzio, kama bibi wengine."

"Jina la mamangu siwezi kulificha kwa kuogopa ukuta," hujibu.

Jana alasiri nilikuwa nakuna nazi, milango ikajibamiza. Nikainuka kutoka kwenye mbuzi nikiwa nimefura.

"Mama! Umeanza tena?"

Akatoka chumbani, tasbihi mkononi. "Mimi nilikuwa nasali. Sijamwita mtu."

Tukatazamana. Juu ya bati likalia tone, kisha jingine. Na huko nje tukasikia miguu midogo ikikimbilia mlangoni, na kicheko.

"Nimesikia mlango, bibi! Nakuja!"