Maharage ya Ijumaa Saa Saba

"Inatafakari..." Simu ya Moza ilikuwa imeandika hivyo kwa nusu saa nzima, na Zakayo alikuwa ameshachoka.

"Mama, unanunua maharage au unayapiga picha za harusi?" aliuliza, huku ameegemea lori lake lililotoka Songea. Nyuma yake wateja wawili walikuwa wanautaka mzigo uleule.

"Ngoja mashine ijibu."

Moza hakuwa na ujanja, ilibidi angoje. Yeye ndiye anayepeleka maharage shule moja ya bweni, na muhula uliopita fukusi walielea kwenye sahani za watoto. Matroni, Candida, hakumgombeza. Alimwambia tu, "Mama Shukuru, nikimwona mdudu mmoja tena, mimi na wewe tusijuane." Moza alilia njia nzima.

Na wala hakuyanunua yeye. Siku ile alikuwa na homa, akamtuma mumewe, Twaha. Jamani, Twaha! Mpole, hana neno na mtu, lakini alirudi na maharage yametobolewa kama chujio, akasema hayo matundu ni ya kupitisha hewa. Moza akampiga marufuku kukanyaga Kariakoo. Twaha akaenda zake Posta, akapata vibarua vya kompyuta ambavyo mkewe hakuwahi kuvielewa wala kuviulizia.

Ndipo Moza akaipata programu hii ya simu. Walimwambia imefundishwa kwa picha laki na laki za wadudu wa mazao, mpaka imejua kuwatambua yenyewe. Wiki nzima aliijaribu kwa mchicha, ikamjibu chapchap, na haikukosea. Leo ndiyo mara ya kwanza anaiuliza maharage.

Alichota mengine kiganjani. Aliona unga mweupe kidogo, kama ule unaoachwa na fukusi.

"Vumbi la njiani hilo," Zakayo alisema haraka. Kisha akaitazama ile simu. "Au mashine yako nayo imeenda kusali?"

Wateja wakacheka. Moza alinuna, lakini hakuondoka. Macho yake mwenyewe yalikuwa yanamwambia aachane na huo mzigo. Ila macho yana miaka hamsini na mbili, mashine ina picha laki na laki.

Saa nane kasoro robo simu ikalia. "Safi. Hakuna mdudu."

Moza alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Akachukua magunia yote kumi na mawili. Saa kumi yalikuwa yameshapangwa stoo ya shule, Candida ameshasaini, wapishi wameshaloweka gunia la kwanza.

Jioni Twaha aliingia na kanzu yake, mkononi kabeba mishikaki, uso umemng'aa.

"Mama Shukuru, leo wamenipandisha cheo kule kazini. Wamenitoa kwenye mchicha, wamenipa maharage."

"Maharage gani tena?"

"Ya kwenye picha. Ile mashine yao ya kutambua wadudu bado haijafuzu, kwa hiyo tunaijibia sisi," Twaha alisema, akimtengea mshikaki mkubwa kuliko yote. "Nilitoka msikitini nikakuta picha imeningoja tangu saa saba. Nikamwonea huruma aliyeituma, nikambonyezea 'safi' nisizidi kumchelewesha."